Silo yenye madirisha



Kuna picha moja haichoki kuzunguka kwenye magrupu yetu. Bila shaka mumeiona: silo za zamani za nafaka, beto tupu, katikati ya Johannesburg, mtaa wa Newtown. Zimekatwa madirisha, na juu yake kontenere zimepangwa moja juu ya ingine, zimepakwa rangi kali kama nguo za siku ya sikukuu. Jina lake ni Mill Junction. Kampuni Citiq ilifungua jengo hilo mwaka 2014, na leo kuna vyumba zaidi ya 300 vya wanafunzi. Chini ya ile picha watu wanaandika paka kitu kimoja: na sisi hapa Lubumbashi, na madepo yote yanayolala bure kando ya reli, tunangoja nini?

Swali si baya. Ila naona tunashangilia rangi za kontenere, wakati kazi yenyewe iko mahali pengine. Mimi si mchoraji wa majengo. Mimi ni agronomu, na silo ni chombo cha kazi yangu, kama vile jembe au mizani. Kwa hiyo nitaihukumu kwa upande ule ninaoujua, halafu tuone kama inatusaidia kitu hapa kwetu.

Kwanza, mahali. Newtown ilikuwa mtaa wa soko la jiji. Market Theatre, ile nyumba ya michezo inayojulikana, ilifunguliwa 1976 ndani ya soko la matunda la Wahindi lililojengwa 1913. Yaani kugeuza majengo pale ni desturi ya mtaa, haikuanza na Citiq. Na tangu 2003 kuna daraja la Nelson Mandela linalopita juu ya reli kwenda Braamfontein, kwenye iniversite ya Wits. Mwanafunzi anatoka chumbani, anavuka daraja, anaingia darasani, bila kulipa transpor. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya lile jengo, na katika picha haionekani. Yule anayetoka kila asubuhi huko mbali mpaka Kasapa, bus mbili na kipande cha miguu, ananielewa bila maelezo.

Sasa silo yenyewe. Ukijaza maji ndani ya tangi, kadiri unavyoshuka chini ndivyo uzito unavyoongezeka. Nafaka haina vile. Punje zinajisugua kwenye ukuta, na sehemu kubwa ya uzito inabebwa na ukuta. Mjerumani mmoja, Janssen, aliandika hesabu yake 1895, na mpaka leo njo tunafundishwa nayo. Kwa hiyo katika silo, ukuta njo kila kitu. Ni wa mviringo, ni mzima, na vyuma vilivyo ndani yake vinauzunguka kama mikanda ya pipa. Ukitoboa dirisha umekata mkanda.

Halafu kuna jambo la hewa. Nafaka ni kitu kizima, inapumua. Ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 13 hivi, inapata joto, kuvu inaingia, wadudu wanafurahi. Ndiyo maana silo inajengwa kusudi mvua, mwanga na hewa ya ovyo visiingie. Mtu naye anataka kinyume cha hayo yote: anataka jua la asubuhi, anataka hewa ipite, na usiku mzima anatoa mvuke kwa pumzi yake. Kila kitu kilichofanya silo kuwa nzuri kwa mahindi kinaifanya kuwa mbaya kwa mwanafunzi. Kuigeuza maana yake ni kubomoa sababu ya kuwepo kwake. Kupaka rangi hakutoshi.

Wengine walijaribu kabla ya Johannesburg, na kila mmoja alipigana na ukuta kwa namna yake. Akron, kule Ohio, kulikuwa silo 36 za kampuni ya Quaker Oats zilizojengwa 1932. Ziligeuzwa hoteli, kisha mwaka 2007 iniversite ya pale ikazinunua na kulaza wanafunzi ndani. Vyumba vikabaki vya mviringo. Hebu wazia weye unasukuma kabati ya pembe nne kwenye ukuta wa mviringo! Copenhagen, kampuni ya MVRDV ilipewa silo mbili za kiwanda cha soya. Wao wakakataa kuzitoboa-toboa. Waliacha ndani wazi, wakaweka ngazi na asanseri, na zile nyumba 84 wakazitundika kwa inje, kuzunguka silo yote. Zilimalizika 2005. Kwa mtu wa silo, jibu la Copenhagen ni safi kuliko yote, juu wanaheshimu ukuta. Lakini ni jibu la watu wenye feza. Haiwezekani ulimpie mwanafunzi kodi ya namna ile.

Mill Junction wao walichagua njia ngumu na ya watu wa kawaida. Waliweka ghorofa ndani ya silo na kukata madirisha kwenye beto. Nafaka ikiondoka, presha yake inaondoka pia, kwa hiyo kukata kunawezekana. Lakini kila tundu linadai hesabu ya injinia, na sakafu mpya lazima zifunge ukuta kwa ndani. Hiyo kazi hakuna mtu anaipigia picha. Mi naona njo inayostahili kusifiwa. Walimpa kila mtu dirisha. Walimpa ngazi, maji, umeme, mahali pa kusomea, jiko la kushirikiana, mlango unaolindwa. Waliuchukua mtungi wa beto na kuufanya mahali ambapo mtu anaweza kuamka akajua kama inje kuna mvua.

Kontenere za juu, hapo siwaungi mkono. Kontenere ina upana wa mita 2.35 kwa ndani. Ukiweka kitu cha kuzuia joto na baridi pande zote mbili, halafu ubao wa kufunika, unabaki na kitu kama korido. Chuma kinachomwa na jua la Oktoba na kinaganda katika usiku wa Juni. Johannesburg iko kwenye mita 1,700 na zaidi, baridi ya kule haina mchezo. Inajengwa haraka, ni nyepesi juu ya silo, hiyo sikatai. Lakini ni zile kontenere njo zimesafiri dunia nzima katika picha, na ni zile njo vijana wetu wanataka kuiga, wakati kazi ya maana iko chini yake, ndani ya ukuta. Tena hapa kwetu kontenere haina hata kitu kipya. Fundi wa simu anakaa ndani yake, mama wa vipodozi anakaa ndani yake, na wote wawili saa nane mchana wanatoa kiti wanakaa inje.

Na bei? Mill Junction ni biashara. Si mbaya kuwa biashara, lakini tuseme vile. Afrika Kusini kuna NSFAS, mfuko wa serikali unaosaidia wanafunzi wa familia zisizo na uwezo, na pesa yake inaweza kulipia malazi. Mwekezaji anajua hilo kabla ya kununua silo. Na hata kwa mfuko ule vitanda havitoshi: Februari 2016, pale iniversite ya Cape Town, wanafunzi walijenga kibanda cha mabati katikati ya kampusi kuonyesha kwamba hawana pa kulala, wakakiita Shackville. Hapa kwetu garanti ya miezi kadhaa inatoka mfukoni mwa mzazi, mara nyingi baada ya kuuza mbuzi au kipande cha shamba. Nani atakopesha feza ya kukata beto, akitegemea mbuzi?

Lakini kipimo kikubwa cha Mill Junction kiko ndani ya jiji lilelile, mahali unaweza kufika kwa miguu. Kuna jengo linaitwa Usindiso, namba 80 ya Albert Street, mtaa wa Marshalltown. Wakati wa ubaguzi lilikuwa ofisi ya kutoa vile vitambulisho ambavyo mtu mweusi alilazimishwa kutembea navyo. Baadaye likawa kimbilio la wanawake. Halafu jiji, ambalo ndilo mwenye jengo, likaliacha. Watu wakaingia, wakagawanya vyumba kwa mbao na vipande vya chochote, wakaunganisha umeme wao kwa wao. Usiku wa tarehe 31 Agosti 2023 liliungua. Walikufa watu zaidi ya 70, kati yao wageni kutoka Malawi na Tanzania, na watoto. Tume ya jaji Khampepe ilisema mwaka 2024 kwamba jiji, kama mwenye jengo, lina lawama yake.

Majengo mawili ya zamani, jiji moja, yote mawili yakawa nyumba za watu. Kwenye lile la kwanza mtu alikaa na kalamu kabla ya kitanda kuingia. Kwenye lile la pili kitanda kiliingia, kalamu haikufika kabisa. Wale wanaouliza "sisi tunangoja nini" wanasahau kwamba hapa kwetu hatukungoja. Tumeshaanza zamani, na tulianza kwa njia ya Usindiso.

Mwaka wangu wa kwanza wa lisansi nilipanga chumba ndani ya depo ya zamani, karibu na reli. Mwenye nyumba aliigawanya kwa triplekisi: vyumba 14, korido moja katikati, mlango mmoja wa chuma uliokuwa unafungwa kwa kufuli saa nne usiku juu ya wezi. Madirisha hapana, ila vitundu kule juu chini ya mabati. Ukikohoa, jirani wa tatu anakujibu "pole". Tulicheka sana mle, sitadanganya. Lakini kwenye nyufa za sakafu kulikuwa vumbi jeupe ambalo halikuisha hata ukifagia kila siku, na wakati wa mvua ukuta ulitoa harufu ambayo sisi wa fakilte ya agronomia tuliijua, ni ya magunia na dawa. Mmoja wetu alimuuliza yule baba: humu zamani mulikuwa munaweka nini? Akajibu: "Vitu vya watu. Utalipa ao hutalipa?"

Hapo njo nataka mnisikilize vizuri, juu hili silioni likisemwa na wachoraji wala na wenye nyumba. Ghala la mazao halikulaza mazao peke yake. Lililaza na dawa zake. Miaka ya zamani walitumia DDT na lindani kwa wingi. Ni dawa zinazokaa miaka na miaka. Lindani iliongezwa kwenye Mkataba wa Stockholm mwaka 2009 kusudi kilimo cha dunia kiiache. Sakafu ya beto yenye nyufa inanywa dawa hizo kama vile inavyokunywa mafuta ya gari. Mtoto anayetambaa pale anakula kwa mikono. Kuna la pili ambalo ni baya zaidi kwa sababu linaua usiku mmoja: vidonge vya fosfidi ya aluminium, vile vinavyowekwa kati ya magunia. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini. Mara nyingi ina harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usitegemee pua yako. Gesi hiyo inapita kwenye kila ufa. Triplekisi kwake ni kama chandarua. Depo iliyokatwa kati, upande mmoja mfanyabiashara anaweka mahindi na vidonge vyake, upande wa pili wanafunzi wamelala, madirisha hakuna: hicho chumba haifai mtu alale ndani hata wakikupa bure.

Sijui kama mchoraji mwenye rangi zake anafikiria hilo. Kwenye silo ya Newtown lazima kwanza kusafisha mpaka beto iwe beto. Kwenye depo zetu tunaweka godoro.

Kuna pia makaratasi. Wengi wanaongea juu ya "madepo ya bure" kana kwamba hayana mwenyewe. Mwaka 1973 serikali ya Mobutu ilifanya mambo mawili yaliyo hai mpaka leo: sheria ya ardhi ya mwezi wa Julai, iliyosema udongo wote ni wa serikali, na Zairianizasio iliyotangazwa tarehe 30 Novemba, iliyochukua maduka, mashamba na majengo ya wageni na kuyagawa. Waliopewa waliuza, waliouziwa waliuza tena, wengine walirudishiwa, wengine walikufa katikati ya kesi. Leo depo moja inaweza kuwa na sertifika mbili na familia tatu. Mwenye nyumba ambaye hana uhakika kama kesho jengo litakuwa lake hatakata dirisha hata siku moja. Atagawa kwa triplekisi, atakusanya garanti, atangoja barua ya mahakama. Triplekisi inaondolewa kwa siku moja. Dirisha ndani ya beto linabaki na yule atakayeshinda kesi. Tukimwita mchoyo tu, hatujaelewa hesabu yake.

Na sasa upande wangu wa mahindi. Newtown, silo zilikuwa zimekufa: nafaka haikupita tena mle, jiji lilibaki na mitungi mitupu. Kuzipa wanafunzi hakukumnyima mtu unga. Hapa kwetu haina vile. Mkulima wa Haut-Katanga anavuna kati ya Aprili na Juni, na anauza palepale, kwa bei ya kutupa, kwa sababu hana mahali pakavu pa kuweka. Januari na Februari, wakati bukari inakuwa ghali, yeye mwenyewe ananunua. Na kila mara Zambia inapofunga mahindi yake, tunajua kwa gunia la soko kabla ya redio kutuambia, juu malori ya Kasumbalesa njo yanatulisha. Wakati uleule wa Mill Junction, mwaka 2014, sisi tulizindua Bukanga Lonzo, tena na mshirika wa Afrika Kusini, na tuliahidiwa nafaka ya kujaza nchi. Mwaka 2017 mambo yalikuwa yamesimama. (Kila agronomu wa umri wangu alishaandika jina lile kwenye barua moja ya kuomba kazi. Tuache.)

Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema depo zote za reli zigeuzwe vyumba, ninahesabu mara mbili. Depo yenye paa zima, sakafu iliyoinuka kutoka kwenye udongo na njia ya reli mlangoni ni kitu ambacho shirika la wakulima haliwezi kujenga leo. Ukiikata vyumba 14, umepata wanafunzi 28 wanaolala vibaya, na umepoteza mahali pa magunia ambayo yangeshusha bei ya bukari ya hao wanafunzi. Ipewe fundi wa mabati, iwekewe mizani na kipimo cha unyevu, ibaki depo.

Kama kweli tunataka kulaza watu katika majengo ya zamani, na mimi nataka, tuanze na yale yaliyozaliwa na madirisha. Ofisi za zamani za ghorofa mbili au tatu, zenye ngazi pana na korido inayotoka pande mbili. Nyumba za kulala wafanyakazi wasio na wake, ambazo makampuni ya migodi yalijenga. Hoteli zilizokufa. Jengo la ofisi tayari lina hewa, lina mwanga, lina choo kwa kila ghorofa. Kinachokosekana ni mabomba ya maji ya kutosha, jiko, na waya za umeme zinazobeba mzigo wa vyumba 40 vyenye reso, maana mwanafunzi bila reso hakuna. Hiyo kazi fundi wetu anaiweza. Haitatoa picha ya kuzunguka dunia. Hakuna mtu atakayeandika "waouh" chini ya bomba jipya.

Na yule ambaye tayari yuko ndani ya depo, juu hana mahali pengine, simwambii atoke kesho. Namuomba afanye mambo machache wiki hii. Ajue mlango wa pili uko wapi, na kama haupo, wakae wapangaji wote pamoja wamdai mwenye nyumba autoboe, na funguo ya kufuli ya usiku ibaki ndani kwa mtu anayelala pale. Asifagie lile vumbi jeupe kwa ufagio mkavu. Alowanishe kwanza, asizibe vile vitundu vya juu hata wakati wa baridi. Kama upande wa pili wa ukuta kuna magunia, amuulize mwenye magunia anatumia dawa gani na siku gani, na siku zote dawa inapofanya kazi, mpaka depo ipitishwe hewa vizuri, akalale kwa rafiki. Na kabla ya kulipa garanti ya depo yoyote, atafute mzee mmoja aliyekuwa mlinzi au mbebaji pale zamani, amuulize mle ndani walikuwa wanaweka nini. Wale wazee wako. Wengi bado wanakaa karibu na reli, na wanapenda kuulizwa.